Siku Niliyofurahia Machinga Kuondolewa: Mafunzo Niliyopata Nikiuza Mabegi Kariakoo

Oktoba 2021, wamachinga walipoondolewa barabarani Dar es Salaam, nilikuwa nimesimama mlangoni mwa duka langu Kariakoo na kikombe cha chai ya tangawizi. Mbele yangu vijana walikuwa wanang'oa meza mbiombio, mbao zinagongana, maturubai yanakunjwa na bidhaa ndani yake. Nilifurahi, sitaficha. Kwa miaka mitatu meza zile zilikuwa zimeniziba. Mteja aliyetaka kuingia kwangu ilibidi apite kiubavu kama kaa. Kijana mmoja aliyekuwa akiuza mabegi ya shule yaleyale ninayouza mimi, kwa bei pungufu kuliko yangu, akapita na meza kichwani. "Shikamoo, baba." Lafudhi ya kwetu, kusini. Nikaitikia marahaba, nikaendelea kunywa chai.

Ilikuwa jioni, nafunga duka, ndipo nilipokumbuka kwamba mwaka 1994 mtaani hapohapo mimi ndiye niliyekuwa nakimbia.

Watu hutaja ubepari na soko huria kama wanavyotaja Kulwa na Doto. Mimi nimeishi na wote wawili, utotoni Newala kwenye mikorosho na ukubwani Kariakoo kwenye mabegi, na sidhani kama hata mama yao ni mmoja. Haya ndiyo niliyojifunza, mengine kwa kuchelewa.

1. Lugha yetu ilituchanganya mapema

Neno "bepari" lilitufikia kutoka Bara Hindi. Kwa Wagujarati, vepari ni mfanyabiashara tu, mtu anayenunua hapa akauze pale. Lilipozoea pwani yetu likaanza kunenepa. Mwalimu Nyerere alipotafsiri tamthilia ya Shakespeare kuhusu mfanyabiashara wa Venice, kitabu kilitoka mwaka 1969 kwa jina la Mabepari wa Venisi. Kwenye Kiingereza ni mfanyabiashara mmoja, na jina ni la kazi yake. Kwetu akawa wengi, tena mabepari, na hiyo ilikuwa miaka 2 tu baada ya Azimio la Arusha. Wakati huo bepari lilikuwa limeshakuwa tusi.

Darasani kwetu palikuwa na mchoro ukutani: mtu mwenye tumbo amekaa kitini, na mrija umetoka mdomoni mwake ukaingia mgongoni mwa mkulima. Tuliimbishwa kuukata huo mrija. Jirani yetu alikuwa na kiduka cha chumvi, viberiti na mafuta ya taa. Alikuwa mwembamba kama fimbo ya mwanzi. Wallahi nilikuwa nikitumwa chumvi namwangalia mdomoni, natafuta mrija.

Basi tulipoambiwa tuchukie unyonyaji, tukachukia biashara. Upepo ulipogeuka tukaambiwa sasa tupende biashara, na tukatakiwa kumpenda na mwenye mrija pia, maana kwenye vichwa vyetu alikuwa mtu yuleyule.

2. Soko linaweza kufungwa na mwenye nguvu akabaki palepale

Mwaka 1976 kulikuwa na Operesheni Maduka. Maduka ya watu binafsi vijijini yalifungwa ili maduka ya ushirika yachukue nafasi. Nilikuwa na miaka 2, kwa hiyo nayajua kwa kusimuliwa. Ninachokikumbuka mwenyewe ni matokeo yake: mwaka 1983, nina miaka 9, nimepanga foleni ya sabuni tangu alfajiri, na nikifika dirishani naambiwa imekwisha. Mchana nikamwona mke wa mmoja wa wakubwa wa duka anafua kisimani kwa mche mzima.

Ndio mwaka wa vita dhidi ya uhujumu uchumi, msako wa waliodaiwa kuficha bidhaa. Usiku tulisikia watu wakitembea kuelekea porini na mizigo. Asubuhi watoto waliochunga mbuzi walikuta madumu ya mafuta ya kula yametupwa makorongoni. Watu walitupa chakula kwa kuogopa kukutwa nacho. Sikuelewa. Mama yangu naye hakuelewa, ila alituma dumu moja liletwe nyumbani baada ya magharibi.

Kwenye korosho mambo yalikuwa hayohayo kwa sura nyingine. Mnunuzi alikuwa mmoja, wa serikali, na bei ilipangwa mbali. Wakulima wengi walikuwa wamehamishiwa kwenye vijiji vipya. Baba alikuwa anatembea kilomita 9 kwenda kwenye mikorosho yake mwenyewe. Ubwiriunga ulipoingia, ule ukungu mweupe unaokausha maua, nani angetembea kilomita 9 kila siku kuuguza mti ambao tunda lake halilipi? Nchi iliyovuna tani kama 145,000 msimu wa 1973/74 ilikuwa imeshuka chini ya tani 20,000 katikati ya miaka ya 1980.

Hapo hapakuwa na bepari hata mmoja. Na hapakuwa na soko. Lakini aliyeshika ufunguo wa ghala alikuwepo, na watoto wake walikuwa na viatu.

3. Wanunuzi watatu wanaweza kuwa mnunuzi mmoja

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 biashara ya korosho ilifunguliwa. Wanunuzi binafsi wakaja na malori, mizani na noti. Msimu wa kwanza baba alirudi nyumbani akiimba, na baba hakuwa mtu wa kuimba. Alikuwa amelipwa palepale, mkononi, bila stakabadhi ya ahadi. Alimnunulia mama kanga doti mbili, akanunua na redio ya betri nne.

Msimu uliofuata walikuja wanunuzi watatu. Baba akafikiri vizuri kabisa: wakiwa watatu watashindana. Akapakia gunia kwenye baiskeli, akaenda kwa wa kwanza, akasikia bei. Akaenda kwa wa pili: ileile. Wa tatu: ileile, pungufu ya shilingi 5. Alivyokuwa akisukuma baiskeli kurudi kwa wa kwanza, akakuta bei imeshuka, kwa sababu jua lilikuwa limeegemea na mtu aliyezunguka mchana kutwa na gunia hana pa kulipeleka. Jioni tukajua kwamba wote watatu wamefikia nyumba moja ya wageni, wanakula sahani moja.

Halafu mizani. Ile ya kuning'iniza, ndoano chini na uso wa saa juu. Karani alikuwa akilishika gunia kwa mkono wa kushoto "lisiyumbe". Nilisimama karibu nikaona kidole gumba kimeingia chini ya mshono wa gunia, kinalibeba. Gunia tulilopima nyumbani kwa mizani ya jirani kilo 82 likasoma 76. Nikamgusa baba. Akanitazama kwa macho ya kunyamazisha. Njiani ndipo akasema, "Mwanangu, leo tungegombana naye, kesho tungemuuzia nani?"

Miaka mingi baadaye binti yangu, aliyesomea uchumi, aliniambia kwamba Adam Smith, yule Mskoti ambaye watu humwita baba wa soko huria, alishaonya kuhusu jambo hilo mwaka 1776: wafanyabiashara wa kazi moja wakikutana, hata kwa starehe tu, mlaji akae chonjo. Akaniambia pia kwamba neno ubepari halimo kabisa kwenye kitabu chake. Lilienea karne iliyofuata. Nilifurahi kusikia. Nilikuwa nadhani ni wazo la baba yangu.

Lakini kilichonifundisha zaidi hakikuwa kidole gumba. Kilikuwa kangomba. Wasiotoka kusini huenda hawalijui neno hili. Ni ununuzi wa pembeni: mtu anakuja kijijini miezi ya njaa, kabla korosho hazijaanguka, ana fedha taslimu. Anakukopesha leo, unamlipa korosho msimu ukifika, kwa kipimo chake na bei yake. Baba alikopa Agosti kwa ajili ya ada ya kaka yangu. Novemba alipeleka magunia manne ambayo sokoni yangelipa ada ya watoto wawili na kubaki.

Hakuna aliyemlazimisha. Mtu wa kangomba alikuja na kofia mkononi, akasalimia vizuri, akaketi mkekani. Ukiuliza kama yalikuwa mapatano huru, jibu ni ndiyo. Tofauti ilikuwa moja: korosho inakaa guniani mwaka mzima bila kuharibika, na mwenye fedha anaweza kukaa nayo mwaka huo mzima. Karo haikai. Njaa haikai. Tangu hapo nikisikia neno mtaji, kabla ya kufikiria fedha nafikiria subira. Mwenye mtaji ni mtu anayeweza kungoja, na asiye nao ni yule ambaye wengine wanajua hawezi.

4. Soko huria halinenepeshi mtu

Nilikuja Dar es Salaam mwaka 1994. Safari ilichukua siku mbili, moja yao tumelala Ndundu tukisubiri pantoni ivuke Rufiji. Daraja la Mkapa lilifunguliwa mwaka 2003. Kabla ya hapo mto ule wenyewe ulikuwa mlango, na nikikumbuka sasa naelewa kwa nini wanunuzi wa korosho walikuwa watatu tu na si thelathini.

Nikawa machinga. Jina lenyewe wanasema lilitokana na Wamachinga wa Lindi, kwa hiyo nilikuwa kama nimerudi kwetu. Asubuhi nachukua mabegi sita kwenye duka la jumla, matatu kila bega, natembea kutoka Msimbazi mpaka Mchikichi. Faida ya begi moja ilikuwa shilingi 300, siku njema 500. Ukipandisha bei, mteja anageuka tu, nyuma yako kuna mwingine. Kuna wiki niligundua mabegi mekundu yenye mfuko wa pembeni yanakwenda kama maandazi ya moto. Jumatatu nilikuwa peke yangu nayo. Alhamisi nilihesabu vijana kumi na saba wenye mabegi mekundu yenye mfuko wa pembeni.

Niliwalaani. Sikujua kwamba naangalia soko huria lilivyo, labda kwa mara ya pekee maishani mwangu: yeyote anaingia, habari haina mwenyewe, bei inateremka mpaka karibu na gharama, na anayefaidi ni mama wa Manzese anayenunulia watoto wanne mabegi. Hakuna aliyetajirika pale. Tulikula, tukatuma kidogo nyumbani, tukakimbia mgambo.

Siku hizi nikimwona mtu ana faida nene miaka na miaka kwenye bidhaa ya kawaida, siulizi anafanya kazi kwa bidii kiasi gani. Nauliza mlango uko wapi na nani kakaa nao.

5. Ukitaka kumjua bepari, tazama mlangoni

Mlango wangu niliupata mwaka 2009. Fremu, upana wake ukinyoosha mikono miwili unagusa kuta zote. Nililipa kilemba cha shilingi milioni 12 kwa mpangaji aliyekuwa anatoka. Hakuwa na tofali hata moja katika jengo lile. Alikuwa anauza ruhusa ya kukaa alipokuwa amekaa yeye. Juu yake kodi ya mwenye nyumba, mwaka mzima mbele. Juu yake tena dalali, mwezi mmoja, kwa kazi ya kunionyesha mlango ambao nilikuwa naupita kila siku kwa miaka kumi na tano.

Usiku nilikaa na daftari nikagawa gharama zile kwa idadi ya mabegi niliyotarajia kuuza. Nikaona kwamba katika kila begi, sehemu iliyokwenda kwa watu wa mlango ilikuwa kubwa kuliko yangu mimi niliyesimama kutwa. Na thamani ya ile fremu ilitoka wapi? Kwenye msongamano wa watu mtaani. Na msongamano ule uliletwa na nani? Kwa sehemu kubwa, na wamachinga.

Kisha mzigo. Fedha ikiwa imeishia kwenye kilemba, nilichukua mali kauli kwa mwagizaji mmoja: unachukua mzigo kwa neno tu, unauza, unarudisha fedha. Ni mfumo mzuri sana, umewainua wengi hapa Kariakoo, na mimi nisingesimama bila huo. Lakini ulikuja na sharti lisiloandikwa popote. Ukichukua kwake, usionekane unachukua kwa mwingine. Mwaka wa pili nilionekana. Desemba nilipokwenda kuchukua mabegi ya msimu wa shule nikaambiwa stoo hakuna kitu. Nikapanda ngazi mwenyewe kwa kisingizio cha kusalimia. Chumba kilikuwa kimejaa mabegi meusi mpaka darini. Yalishuka wiki ya kwanza ya Januari, shule zikiwa zinafunguliwa, kwa bei nyingine kabisa.

Sikumchukia, kusema kweli. Nilimtamani.

Binti yangu aliwahi kunichorea kwenye karatasi ya risiti jinsi Fernand Braudel, mwanahistoria Mfaransa aliyekamilisha mijalada yake 3 mwaka 1979, alivyoutazama uchumi wa karne za 15 hadi 18: kama jengo la ghorofa tatu. Chini kabisa maisha ya kila siku, watu wanalima na kula. Katikati soko, kunaonekana, bei zinasikika, watu wanashindana. Juu kuna ubepari, na kule juu, kwa maoni yake, sheria ya soko haifanyi kazi sana. Ni kwa wachache wenye mitaji mikubwa, wanaojuana, wanaopendelea giza kuliko mwanga. Alipendekeza hata tuuite kinyume cha soko. Nikacheka. Jengo letu pale mtaani ndivyo lilivyo: nje wamachinga, chini fremu, juu stoo za waagizaji na mapazia yake.

Wala si jambo geni kwetu. Zanzibar ya karne ya 19, nyumba ya biashara ya Jairam Shivji ilikodi forodha kutoka kwa Sultani kwa miaka mingi. Bandari ilikuwa na wafanyabiashara chungu nzima wakishindana kwa karafuu na pembe. Lakini utajiri mkubwa ulikuwa kwa aliyekaa pale mizigo ilipopitia.

6. Nilipopata mlango, nami niliufunga

Mwaka 2016 wauza mabegi tisa wa mtaa wetu tulikutana kwenye mgahawa wa pweza na supu, tukakubaliana bei ya chini ambayo hakuna atakayeshuka chini yake. Tulisoma dua. Mapatano yalidumu siku nane. Mmoja wetu alikuwa na mgonjwa hospitali, akahitaji fedha, akashusha. Siku ya tisa sote tulikuwa tumeshusha na tunamsema vibaya. Wale tisa tungekuwa watatu, na wote watatu tuna subira, nadhani mpaka leo tungekuwa tunauza kwa bei ile na kuiita bei ya soko.

Halafu ile Oktoba 2021. Nilichosahau kusema pale juu ni kwamba vijana watatu kati ya wale waliong'oa meza walikuwa wanauza mabegi yangu. Ndiyo. Nilikuwa nawapa mali kauli asubuhi, wanarudisha hesabu jioni. Maduka mengi ya Kariakoo yalifanya hivyo, huku tukilalamika kwamba wamachinga wanatuziba. Januari iliyofuata mlango wangu ulikuwa mweupe, safi, unaonekana tangu kona, na nikauza pungufu. Mteja wa Mbagala hakuwa anakuja kutafuta duka langu. Alikuwa anakuja kutembea katikati ya vitu.

Na Julai 2025 serikali ilipotoa amri ya kuwazuia wasio raia kufanya aina 15 za biashara, zikiwamo za jumla na rejareja, uwakala wa pesa za simu na ufundi wa simu, mtaa wetu ulipiga makofi. Nilipiga na mimi. Nina sababu zangu: mwagizaji wa nje anayeleta kontena kisha akauza begi mojamoja ana mtaji ambao hakuna fremu ya kwetu inayoweza kushindana nao, na hapo habari ya ushindani huru inakuwa mzaha. Bado nafikiri hivyo. Ila binti yangu alipoambiwa hayo mezani aliuliza tu, "Na wewe, baba, ulitaka mabegi yawe bei gani?" Nikamwambia anipitishie chumvi.

7. Soko huria lina mwenye mizani

Nilikuwa naamini huria maana yake serikali ikae mbali. Korosho zilinibadilisha mawazo, nusu.

Tangu msimu wa 2007 huko kwetu kuna stakabadhi ghalani. Mkulima anapeleka korosho kwenye chama cha msingi, AMCOS kama tunavyoziita, zinapimwa, zinawekwa daraja, zinakwenda ghala kuu, anapewa stakabadhi. Wanunuzi hawaji tena na mizani zao mkekani. Mwanzoni waliandika bei kwenye karatasi, wakatia kwenye sanduku, na sanduku likafunguliwa mbele ya wakulima. Kangomba ni kosa kisheria. Miaka ya karibuni mnada umehamia kwenye mfumo wa kielektroniki, na minada ya mwanzo ya Oktoba 2024 bei ilipita shilingi 4,000 kwa kilo.

Sasa angalia ajabu yake. Mwaka 1992 baba alikuwa huru kumuuzia yeyote, na alikuwa na bei moja. Kaka yangu leo haruhusiwi kumuuzia mtu anayepita njiani, na ana wanunuzi wengi wanaoshindana kwa maandishi. Lipi ni soko huria? Wakosoaji wa mfumo huu wana hoja: makato ni mengi, malipo huchelewa, viongozi wa vyama wengine hawafai kushika hata daftari la harusi. Na korosho yenyewe, nyingi bado inapakiwa ghafi kwenda India na Vietnam, wakati viwanda vilivyojengwa kusini miaka ya 1970 na 1980 vingi viliishia kuwa maghala. Yote kweli. Lakini kidole gumba kimeondoka.

Mwaka 2018 mambo yaliharibika hata hivyo. Wanunuzi walileta bei za chini, wakulima wakazikataa, na Novemba Rais Magufuli akatangaza kwamba serikali itanunua korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, jeshi lisombe. Malori ya JWTZ yakaingia. Watu walishangilia, halafu ukaja uhakiki wa mashamba, na malipo ya wengine yakachukua miezi mingi. Mnunuzi alikuwa mmoja tena. Wazee waliokuwa wakikumbuka miaka ya 1970 walinyamaza wakatazama.

Nilihudhuria mnada mmoja miaka michache iliyopita, kabla ya mambo ya kompyuta, nilipokwenda kumzika shangazi. Ulifanyika chini ya mwembe, kwenye uwanja wa chama. Sanduku la mbao, kufuli mbili. Karani akafungua, akasoma kwa kipaza sauti kilichokuwa kinakwaruza: jina la kampuni, tani, bei. Jina, tani, bei. Watu wakawa wanaandika viganjani kwa kalamu. Aliposema bei ya juu kabisa, uwanja ukaguna. Ilikuwa chini ya mnada uliotangulia kwa karibu shilingi 200.

"Wakulima, mnasemaje? Tunauza?"

Vijana waliokaa nyuma kwenye pikipiki wakapaza sauti, hatuuzi. Mbele walikaa wazee. Bibi mmoja mwenye kanga ya kijani akainuka kwa kushikilia bega la jirani yake, akauliza mnada mwingine lini. Karani akajibu: wiki ijayo, Alhamisi. Bibi akageuka, akawatazama waliokaa karibu naye mmoja mmoja, akaanza kuuliza kwa jina nani ana unga wa kufika Alhamisi na nani hana. Watu wakawa wanajibu. Aliyekuwa nao akasema ana debe. Mwingine akasema yeye hana, na mwenye debe akamtikisia kichwa kumwonyesha kwamba amesikia. Ilichukua kama dakika kumi, na karani alisubiri, kipaza sauti mkononi.

Kisha bibi akamgeukia. "Rudisha sanduku lako, mwanangu. Tutaonana Alhamisi."